Kupasua kuni kwa trekta: niliyojifunza kwenye milingoti ya Mufindi

Kila mgeni anayetukuta kazini huuliza kwanza mashine inapasua kyubiki (mita za ujazo) ngapi kwa siku. Ni swali la haki, maana mteja analipia kyubiki na sisi tunalipia dizeli. Lakini kwa miaka niliyosimama kando ya trekta letu, nimeona kwamba jibu halimo ndani ya mashine. Pistoni inalisukuma gogo kwa sekunde chache tu. Siku nzima inayobaki inaishia kwenye kukata, kubingirisha, kunyanyua, kupanga na kungoja upepo. Na vidole vya watu vinapona au vinapotea kutokana na jinsi kazi ilivyogawanywa kabla injini haijawashwa.

Nyumbani ni Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Msitu wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa ya serikali hapa Tanzania, uko wilayani kwetu, na jirani zetu wa Njombe wana miwati tangu Kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanza mwaka 1949. Kaya nyingi huku zina kipande chao cha mipaina au cha mikaratusi, ambayo sisi tunaiita milingoti. Mpaina unasubiri mnunuzi wa mbao. Mlingoti ulionyooka unaweza kuwa nguzo, na uliopinda, wenye mafundo au uliovunjwa na upepo unakuwa kuni.

Wanunuzi wetu ni wa aina mbili. Kuna kiwanda cha chai na kuna shule za bweni. Kiwanda cha chai ni mahali pa kukaushia: inachukua karibu kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, na tofauti hiyo karibu yote ni maji yanayotolewa kwa joto la boila. Mtu anayetumia moto kutoa maji kwenye majani hana hamu ya kununua maji mengine ndani ya kuni. Shule nazo, tangu nyingi zilipojenga majiko banifu, zinataka kuni nyembamba zenye urefu mmoja, kwa sababu mdomo wa jiko ni mdogo na gogo zima halipiti. Hapo ndipo shoka lilipoanza kutushinda. Mlingoti mbichi wenye unene wa kawaida unachanjika kwa shoka bila shida, ila mzee wa shina nene, wenye mafundo, unaweza kumeza kabari mbili na bado ukakutazama.

Mashine yenyewe tulitengenezewa na fundi wa kuchomelea, na si ngumu kuielewa. Kuna boriti nene ya chuma iliyolazwa, ncha moja ina kabari iliyosimama, ncha nyingine ina silinda ya haidroliki, yaani inayosukumwa na mafuta, yenye bamba la kusukumia mbele yake. Gogo linalazwa katikati, mtu anasukuma liva, yaani mkono wa kuendeshea, bamba linalisukuma gogo kwenye kabari, gogo linafunguka. Mtambo wote unaning'inia nyuma ya trekta kwenye mikono mitatu ileile inayobeba jembe.

Nguvu yake inatoka kwenye hesabu ambayo baba mkubwa, aliyeendesha matrekta ya mashamba ya chai mpaka akastaafu, alinichorea chini kwa kijiti. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10 ina uso wa karibu sentimita 78 za mraba. Mafuta yakisukumwa kwa shinikizo la baa 180, kila sentimita ya mraba inabeba zaidi kidogo ya kilo 180. Zidisha, unapata msukumo wa karibu tani 14. Mlingoti wenye fundo hauna ubishi na tani 14.

Kasi ni hesabu nyingine, na watu wengi wanaichanganya na nguvu. Silinda ya kipenyo hicho, yenye mwendo wa sentimita 60, inajazwa na mafuta karibu lita 4.7. Ukiitegemea pampu ya ndani ya trekta inayotoa, tuseme, lita 20 kwa dakika, pistoni itatumia sekunde 14 kwenda peke yake, bado kurudi. Ukifunga pampu ya pembeni inayozungushwa na PTO, yaani ile shafti fupi yenye meno inayotoka nyuma ya trekta, na pampu hiyo ikatoa lita 60, safari ileile inachukua chini ya sekunde 5. Nguvu ya kupasua haijabadilika, kilichobadilika ni muda wa kusubiri. Sisi tuna pampu ya pembeni na tangi lake la mafuta. Faida ya tangi la peke yake niliiona baadaye: vumbi na maganda yakiingia kwenye mafuta ya mashine ya kuni, hayafiki kwenye haidroliki ya trekta, ambayo ndiyo inayoinua jembe msimu wa kulima. Hasara yake ni kwamba tangi likiwa dogo mafuta yanachemka. Ikifika saa sita mchana naweka kiganja kwenye ubavu wa tangi, na nisipoweza kukiacha hapo tunazima na kula.

Lakini kufunga pampu ya pembeni maana yake ni kwamba shafti inazunguka nyuma ya trekta muda wote, watu wakiwa karibu. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

PTO ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Propela shafti, ile inayounganisha PTO na pampu, yenye unene wa sentimita 7 ina mzingo wa sentimita 22. Ikikamata kitambaa, inakizungushia karibu mita mbili kwa sekunde moja. Kanga nzima ni mita moja na nusu. Kina mama wa huku kwenye baridi ya Juni na Julai tunavaa kitenge juu ya sketi, mtandio kichwani, sweta, na wakati mwingine kanga nyingine mabegani. Siku moja guni tupu lililoachwa juu ya fito za kuvutia tela lilipeperushwa na upepo likaigusa krosi, yaani kiungo cha shafti, mahali ambapo kifuniko cha plastiki kilikuwa kimepasuka. Sikuliona likienda. Niliona guni, kisha nikaona shafti imenenepa. Baba mkubwa alizima trekta, akachukua kisu, akalikata guni lile taratibu akitutaka wote tusogee tuone lilivyojikaza kwenye chuma. Hakusema neno. Kina mama wawili walivua mitandio yao palepale.

Tangu hapo kifuniko cha shafti kikipasuka kazi inasimama mpaka kipatikane kingine, hata kama lori la shule limeshafika. Kwa anayefanya kazi kwenye mashine, kitenge kinabaki nyumbani. Anavaa suruali, au ovaroli iliyofungwa vifungo vyote. Mwanzoni baadhi ya wazee kijijini hawakufurahia kuona wake zao na mabinti zao kwenye suruali. Niliwapelekea lile guni lililokatwa wakaliona. Suala la suruali halikurudi tena. Na hakuna anayeruka juu ya shafti inayozunguka kwa sababu amechoka kuzunguka trekta. Anayeruka hata mara moja anarudi kwenye kupanga kuni.

Kanuni ya pili ilikuja kabla hata ya gogo la kwanza. Vijana wawili walikuwa wamejipanga, tayari kabisa. Nilimwamkia baba mkubwa, "Shikamoo," akaitikia, kisha akawageukia wale vijana.

"Nani anaweka gogo?"

"Mimi, babu."

"Na liva?"

"Mwenzangu huyu."

"Basi haiwashwi."

Akawaeleza kwa nini. Mtu mmoja akiweka gogo na mwingine akishika liva, kazi inaonekana kwenda haraka, kwa sababu mikono ni minne. Lakini macho mawili yanaangalia gogo na mengine mawili yanaangalia lori linalopita. Aliyeweka gogo anaona limelala vibaya, anarudisha mkono kulirekebisha, na mwenzake ameshasukuma liva kwa sababu sekunde moja kabla mkono haukuwepo. Kelele za injini zinameza ukelele wowote. Mikono iliyokatwa kwenye mashine za namna hii mara nyingi ilikuwa ya mtu ambaye hakuwa ameshika liva mwenyewe.

Kwa hiyo kwetu anayeweka gogo ndiye anayeshika liva, huyohuyo mmoja. Msaidizi analeta magogo mpaka mezani na kuondoa vipande, lakini mikono yake haivuki mstari mwekundu tuliouchora kwenye boriti, na hagusi liva. Tukaenda mbele zaidi: fundi alifunga liva mbili, na bamba haliendi mbele mpaka zote mbili zishikwe, moja kwa kila mkono. Ukiachia mojawapo linasimama. Mtu ambaye mikono yake yote miwili iko kwenye liva hana mkono wa kuweka kwenye gogo. Inapunguza kasi kidogo na vijana walilalamika. Niliwasikiliza na sikubadilisha.

Jambo jingine lisilojulikana sana ni mpira wa mafuta. Mpira ukichubuka unaweza kupata tundu dogo kama la sindano, na mafuta yakatoka kwa uzi mwembamba usioonekana vizuri. Kwa baa 180, uzi huo unapenya ngozi ya mkono. Kidonda kinaonekana kidogo, hakitoi damu nyingi, mtu anafuta na kuendelea, huku mafuta yameshaingia ndani ya nyama. Hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali saa ileile na kumwambia daktari waziwazi kuwa ni mafuta ya haidroliki yenye shinikizo. Tundu linatafutwa kwa kipande cha boksi kinachopitishwa kando ya mpira, kamwe si kwa kiganja.

Nirudi kwenye kuni zenyewe, maana huko ndiko raha iliko.

Mlingoti ukikatwa unabeba mkazo ndani yake. Ukiuangusha na kuukata vipande, baada ya muda mfupi utaona nyufa zinaanza kwenye ncha zilizokatwa, zikitoka moyoni kwenda kwenye gome. Fundi wa mbao anauchukia ufa ule, mimi naushukuru. Gogo linakuonyesha lenyewe linapotaka kufunguka. Unalizungusha mpaka ufa mkubwa uwe sambamba na kabari, na hapo mashine haihitaji hata nusu ya nguvu zake. Ukiupuuza ufa ukapasua kinyume, unasikia injini inaguna na vipande vinatoka vimeshikana kwa nyuzi, halafu mtu anaanza kuzikata kwa shoka. Fundo au panda ya matawi tunaliweka upande wa bamba, ncha safi ndiyo inayokutana na kabari. Upasukaji ukishaanza kwenye ncha safi, unalifikia fundo ukiwa na kasi.

Mlingoti upasuliwe mbichi. Watu wengine huacha magogo yalale miezi ili yawe mepesi kubeba, na ni kweli yanapungua uzito, lakini yanakuwa magumu ajabu, na gogo kavu halifunguki taratibu: linaruka. Kipande cha mlingoti mkavu kinachorushwa pembeni kinaweza kuvunja mguu. Muwati ni mpole zaidi, unapasuka umenyooka ukiwa mbichi hata ukiwa mkavu, na makaa yake yanakaa. Kama ningekuwa na ardhi ya kutosha ningepanda muwati mwingi zaidi kwa ajili ya shule.

Mtu wa muhimu kuliko mwenye liva ni mwenye chenso, yaani msumeno wa mnyororo. Kwetu ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Akikata ncha ikawa mshazari, bamba linagusa upande mmoja tu, gogo linainuka na kugeuka kwenye boriti. Akikata urefu unaopishana, kuni hazipangiki, na kyubiki inayopimwa ina matobo. Amejitengenezea kijiti cha sentimita 60 kilichopakwa rangi, anakitembeza kwenye shina na kuchora kwa chaki kabla ya kukata. Nilipomwambia, "Shemeji, mbona unachelewa hivyo?" alinijibu, "Nachelewa mimi ili msichelewe ninyi kumi." Na ni kweli.

Sasa uzito. Gogo bichi la mlingoti lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa sentimita 60 lina kilo 40 hivi. Kyubiki moja ya kuni zilizopangwa ina nafasi za hewa ndani yake, mbao yenyewe ni kama theluthi mbili, na bado ikiwa mbichi inakaribia kilo 650. Hesabu mara ngapi uzito ule unanyanyuliwa: kutoka chini kwenda kwenye tela, kutoka kwenye tela kwenda chini, kutoka chini kwenda kwenye mashine, kisha vipande kuokotwa, kupangwa, kupakiwa tena. Hapo ndipo migongo inapokwisha, na hapo ndipo siku inapokwisha. Uzuri mkubwa wa mashine iliyofungwa kwenye trekta ni kwamba inaweza kuufuata mti. Tunaipeleka shambani, tunaisimamisha chini kidogo ya magogo yaliyoanguka ili yabingirike yenyewe kuja kwenye meza ya mbao iliyo sawa na boriti, na nyuma ya kabari tunaegesha tela ili vipande vidondokee humo. Siku tulipopanga hivi kwa mara ya kwanza, watu walimaliza jioni bado wanaongea na kucheka.

Milima yetu inataka uangalifu wake. Trekta linasimama mahali tambarare, breki ya mkono imefungwa, gia iko huru, magogo yamekingwa kwenye matairi ya nyuma, na mashine imeshushwa mpaka miguu yake ikae ardhini. Mashine inayoning'inia inapiga kichwa kila gogo linapofunguka, na mikono ya trekta haikutengenezwa kwa mapigo hayo.

Kukausha kunahitaji subira kuliko vyote. Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 100 unazopakia leo zina takriban lita 50 za maji, na kila lita italazimika kuchemka na kutoka kama mvuke kabla joto halijafika kwenye sufuria. Kilo ya kuni zilizokauka mpaka maji yawe sehemu moja ya tano inatoa joto la karibu megajuli 15. Kilo ya kuni mbichi inatoa kama 8, na moshi wa kumtoa mpishi machozi. Gome ni koti la mvua, linazuia maji kutoka, kwa hiyo kupasua peke yake ni nusu ya kukausha. Tunapasua mwezi wa tano na wa sita, mvua zikishaisha. Juni na Julai kuna ukungu na manyunyu, kuni hazikauki sana, lakini hazilowi kama zimeinuliwa juu ya fito na kufunikwa juu tu. Pembeni hatufuniki. Kuanzia Agosti upepo mkavu unaanza, na mpaka mvua za Novemba zinarudi, vipande vimebadilika sauti: ukigonga viwili vinalia kwa mlio mkali, vibichi vinagonga kwa mlio mzito.

Kuna jambo linalonigusa ambalo lazima nilitaje. Kabla ya mashine, kuni zetu zilichanjwa na kina mama wa jirani kwa shoka, kwa malipo ya kila rundo. Trekta lilipofika, mama mmoja mtu mzima alinifuata jikoni akaniuliza, "Mwanangu, sisi sasa tutakula wapi?" Sikuwa na haki ya kumjibu kwa maneno matupu. Tulikaa nao. Kupanga kuni vizuri ni kazi inayoongeza bei, kwa sababu kiwanda kinakataa rundo lililolegea, na wao ndio wanaojua kupanga. Sasa wanalipwa kwa kyubiki iliyopangwa na kukauka, na wawili kati yao, wanawake waliozoea kusoma nyuzi za mti kwa shoka miaka yote, ndio washika liva wetu wazuri kuliko vijana wote. Hawana pupa. Wanalizungusha gogo, wanalitazama, halafu ndipo wanasukuma.

Wanaokuja kutaka kutengenezewa ya kwao nawaambia wasinunue ile ya parafujo inayozunguka, kile kichuma chenye umbo la pia kinachojichimbia kwenye gogo. Ni rahisi kutengeneza na inavutia kutazama, lakini gogo likigoma kupasuka linazunguka pamoja na chuma, na hakuna liva ya kulisimamisha. Ya silinda ni ghali zaidi, na majirani watatu au wanne wenye trekta moja wanaweza kuchangia. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie aifunge na kuiwasha mbele yako. Chagua wewe mwenyewe gogo lenye fundo, si lile aliloliandaa. Bamba likiwa katikati ya safari achia liva, na lisiposimama papo hapo, pesa ibaki mfukoni mpaka alirekebishe.